Chumvi, Joto na Stima: Kuitunza Laptopu ya Kazi Ufukweni

“Mbona laptopu zetu huku Pwani hazidumu?” Swali hili utalisikia kwa mwalimu wa Kilifi anayejaza alama za mitihani, kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayeandika tasnifu, kwa karani wa hoteli Malindi, na kwa kijana aliyepanga chumba kando ya barabara ya Bofa ili aifanyie kazi kampuni iliyo ng’ambo. Mashine ilinunuliwa ikiwa nzima. Kufika mwaka wa pili, kitufe kimoja cha kibodi kinakataa, waya wa chaja unataka kushikiliwa ndipo upitishe umeme, feni inapiga kelele hata ukiandika barua tu, kisha asubuhi moja skrini inabaki nyeusi.

Lawama humwendea muuzaji, au fundi, au “mashine za siku hizi”. Pengine ni haki. Lakini sababu kubwa ni mahali penyewe. Laptopu huundwa ikitarajiwa kukaa katika chumba kikavu, chenye joto la wastani na umeme usioyumba. Bofa ni ufuo ulio wazi kwa Bahari ya Hindi, kaskazini mwa mdomo wa hori ya Kilifi, na upepo unaoingia dirishani umetoka baharini moja kwa moja. Unakuja na chumvi, unyevu na joto. Kwenye soketi ya ukutani nako kuna stima inayopotea bila kuaga na kurudi kwa kishindo.

Hata hivyo, bahari na elektroniki zimewahi kuishi pamoja papa hapa. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988 kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini. Setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimefanya kazi tangu 1989, na utafiti wa afya hauendi bila takwimu zinazohifadhiwa vizuri. Mashine zinaweza kudumu Pwani. Zinataka tu mtu anayejua kinachozila na anayezihudumia kabla hazijaugua.

Chumvi isiyoonekana

Wimbi linapovunjika, mapovu hupasuka na kurusha matone madogo mno hewani. Upepo huyachukua, maji hukauka njiani, na kinachobaki ni vumbi laini la chumvi. Vumbi hilo huanguka kwa wingi zaidi katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni. Ukitaka kuliona, pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha linaloelekea baharini, au tazama misumari ya mabati ya nyumba za mstari wa kwanza.

Chumvi ikiwa kavu haina ubaya mkubwa. Balaa huanza na unyevu wa hewa, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Unyevu ukizidi takriban asilimia 75, chumvi huanza kufyonza maji kutoka hewani hadi inayeyuka. Ndiyo maana chumvi ya mezani hushikana kikebeni huku kwetu, na watu huitia punje za mchele. Usiku na alfajiri hewa ya Bofa hukivuka kiwango hicho mara kwa mara.

Basi fikiria vumbi lilelile likiwa limetua juu ya ubao wa saketi, ile bodi ya kijani iliyobeba vipande vyote vya laptopu. Usiku linageuka utando mwembamba wa maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo umeme huanza kuvuja kati ya njia ambazo hazikukusudiwa kugusana, na shaba huanza kulika. Mchana utando unakauka, usiku unarudi. Chovya chovya yamaliza buyu la asali, na chumvi hulimaliza buyu hili bila mwenyewe kusikia lolote mpaka siku laptopu inapokataa kuwaka.

Tabia nne hupunguza hatari hii sana:

1. Fanyia kazi upande wa nyumba usiotazama bahari, au funga dirisha la mbele wakati mashine iko wazi.
2. Ukimaliza kazi, funika laptopu na uiweke ndani ya mfuko wake au kabatini. Usiiache mezani wazi usiku kucha.
3. Weka ndani ya mfuko vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye makasha ya viatu. Silika ni chembechembe zinazofyonza unyevu. Zikishiba hazisaidii tena, kwa hiyo zibadilishe kila baada ya miezi michache.
4. Usiiache mashine imezimwa kwa wiki nyingi. Laptopu inayofanya kazi huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka, na joto hilo huikausha ndani. Iliyolazwa chumbani mwezi mzima hunyonya unyevu tu.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui, nao ni chumba chenye kiyoyozi. Mashine iliyokaa kwenye nyuzi 20 ikatolewa ghafla nje, kwenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, hupata umande juu yake na hata ndani yake. Ukitoka ofisini kwenda kufanyia kazi barazani, iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa ipate joto polepole, ndipo uifungue.

*Kwa ufupi: chumvi pamoja na unyevu ndio adui wa kwanza. Ifiche mashine na upepo wa bahari, na uitumie mara kwa mara.*

Joto, vumbi na makuti

Watengenezaji wengi husema laptopu itumike mahali penye joto la nyuzi 10 hadi 35. Mwezi wa Februari au Machi, kaskazi ikiwa imepoa, Kilifi hukaribia mpaka huo wa juu hata kivulini. Prosesa, sehemu inayofanya hesabu zote za mashine, nayo inazalisha joto lake. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu iliyo nzito saa nane mchana na nyepesi saa moja asubuhi huenda haina kirusi wala ugonjwa wowote. Imezidiwa na joto tu.

Njia ya joto kutoka ni moja: feni huvuta hewa baridi kupitia matundu na kuitoa ikiwa moto. Ukiiweka laptopu juu ya kitanda, mto au leso, umeyaziba matundu hayo. Iweke juu ya meza au ubao mgumu, na ikiwezekana iinue kidogo kwa nyuma ili hewa ipite chini. Pangaboi likizunguka juu yako linaisaidia pia. Usiitumie juani kamwe, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Nyumba ya makuti ina uzuri wake, lakini makuti humwaga unga wa majani makavu, na unga huo huingia kwenye feni. Mchanga huingia kwenye bawaba za kifuniko na chini ya vitufe. Sisimizi nao hupenda joto na makombo, na wakipata nafasi hutaga mayai ndani. Kwa hiyo usilie chakula juu ya kibodi, na usifungue laptopu ukiwa umekaa mchangani.

Kila mwezi izime, chomoa chaja, igeuze kichwa chini na kuikung’uta mchanga, kisha pitisha brashi laini kwenye matundu na kati ya vitufe. Futa mwili wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo, halafu kikavu. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina maji. Mara moja kwa mwaka, mpe fundi aifungue, asafishe feni na kubadilisha pesti ya kupitisha joto, yaani ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto. Ukikauka, joto halipiti vizuri.

*Kwa ufupi: hewa ipite. Meza ngumu, matundu wazi, brashi kila mwezi, fundi kila mwaka.*

Betri: haipendi kushiba na joto kwa pamoja

Betri za laptopu ni za lithiamu. Uchakavu wake huhesabiwa kwa duru. Duru moja ni matumizi yanayofikia asilimia 100 kwa jumla, hata kama umeyafikia kwa siku mbili. Nyingi huundwa zistahimili kati ya duru 300 na 1,000 kabla ya uwezo wake kushuka hadi kiasi cha asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Lakini hesabu hiyo hupungua haraka betri ikikaa imejaa kabisa mahali pa moto, na hivyo ndivyo inavyokaa laptopu iliyochomekwa kutwa kucha katika chumba cha Pwani.

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Utafute kwenye mipangilio ya betri au programu ya mtengenezaji, uuwashe. Kama haupo, jitahidi kubaki kati ya asilimia 20 na 80 siku za kawaida, na uijaze kabisa pale tu unapojua utakuwa mbali na stima. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashine itakuandikia ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake leo.

Dalili moja haitaki subira: kifuniko kikikataa kufunga sawasawa, au sehemu ya kuelekezea kidole ikiinuka, huenda betri imevimba. Acha kuitumia na kuichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, na uipeleke kwa fundi. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Ikitolewa, isitupwe jaani. Muulize fundi inakokusanywa.

Stima inapopotea na inaporudi

Umeme wa Kenya ni volti 240. Chaja nyingi zimeandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo stima hafifu ya jioni haiziui kwa urahisi. Kinachoziua ni mruko, yaani volti kupanda ghafla kwa muda mfupi sana, hasa stima inaporudi na vifaa vya mtaa mzima vikawaka kwa pamoja. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliifunika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Kukatika kudogo kwa mitaani ni jambo la kawaida mno.

Stima ikipotea, chomoa chaja. Ikirudi, ngoja dakika tano hadi kumi itulie ndipo uchomeke. Kama huwa unasahau, nunua kifaa cha kinga cha aina ile inayouzwa kwa ajili ya friji na televisheni, ambacho huchelewesha umeme kwa dakika kadhaa na kuukata ukipanda au kushuka kupita kiasi. Wakati wa radi za masika, chomoa chaja na waya wa intaneti pia. Radi iliyopiga karibu haizuiwi na kifaa hicho.

Wanaotumia sola waangalie inverta, chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani. Za bei ya chini kabisa hutoa umeme usio laini, na chaja hupata moto na kulia. Ukiiona chaja yako hivyo, tafuta inverta bora au chaja inayotumia umeme wa sola moja kwa moja.

Ndani ya mashine: masasisho na nafasi

Sasisho ni marekebisho ambayo watengenezaji hutuma ili kuziba matundu ya usalama katika programu. Watu wengi huyaahirisha kwa sababu yanakula bando. Tazama gharama ya kuahirisha. Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipita katika tundu hilo, ikafunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Waliokuwa wamesasisha walikuwa na kinga tayari.

Kwa hiyo panga siku moja ya wiki, mahali penye Wi-Fi ya kutosha, uache mashine ijisasishe kisha uizime na kuiwasha upya. Kuwasha upya huondoa pia programu zilizobaki zikila kumbukumbu bila wewe kujua. Acha asilimia 15 hadi 20 ya diski ikiwa tupu, maana diski iliyojaa pomoni huifanya mashine kuburura miguu. Zima programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi.

Jambo moja linawahusu wengi wanaotumia laptopu za mitumba. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Njia zilizo wazi ni tatu: kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama, ambayo kwa watumiaji binafsi yalipangwa kufika Oktoba 2026, kuweka mfumo wa bure wa Linux, ambao huziendesha vyema mashine nyingi za zamani, au kubadilisha mashine. Windows ya wizi, ile inayowekwa mtaani kwa shilingi mia chache, haifai kwa laptopu inayobeba kazi ya watu, kwa sababu hujui kilichofungashwa pamoja nayo.

Nakala ya akiba: kinachouma hasa

Laptopu hununuliwa nyingine. Tasnifu ya miaka miwili, hesabu za duka, picha za harusi ya mteja na orodha ya wagonjwa hazinunuliki. Kanuni inayotumika duniani kote ni rahisi: nakala tatu za kila faili muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani.

Kwa mtu wa Bofa, hiyo ina maana ya faili iliyo kwenye laptopu, nakala kwenye diski ya nje inayokaa ndani ya kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya silika, na nakala nyingine kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 za bure, zinazotosha maandishi ya miaka mingi. Usitegemee wingu peke yake. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na diski mkononi aliendelea na kazi.

Kila baada ya miezi mitatu, fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala zako uone kama zinasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Ratiba ya mwaka

Mabaharia wa pwani hii hawangoji chombo kivuje. Hukipandisha pwani kwa wakati unaojulikana, wakakitia kalafati na kukipaka deheni, kisha kikarudi majini. Laptopu nayo ihudumiwe kwa kalenda, hata kama haijalalamika.

- Kila siku: funga dirisha la baharini, iweke ndani ya mfuko ukimaliza, izime kabisa kabla ya kupanda boda boda, kwa sababu iliyolala tu huweza kuamka mfukoni na kujichoma kwa joto lake.
- Kila wiki: sasisha, washa upya, nakili kazi kwenye diski ya nje, futa mwili wa mashine.
- Kila mwezi: brashi kwenye matundu na kibodi, kagua chaja na waya, tazama nafasi ya diski.
- Kila miezi mitatu: badilisha silika, soma ripoti ya betri, jaribu kufungua nakala.
- Machi, kabla ya masika: kwa fundi, isafishwe ndani na kuwekwa pesti mpya.
- Oktoba, baada ya kusi: futa chumvi ya miezi ya upepo mkali kwenye matundu na vitundu vya nyaya, kisha jiandae kwa joto la kaskazi.

Ikimwagikiwa, na unapokwenda kwa fundi

Madafu, chai au kahawa ikimwagika, chomoa chaja mara moja, bonyeza kitufe cha kuzimia mpaka mashine ife, igeuze kifudifudi maji yatoke, na ufute. Usiiwashe “kuona kama inafanya kazi”. Usiianike juani wala kuizika ndani ya mchele. Mchele hauondoi sukari wala chumvi iliyobaki kwenye bodi. Mpelekee fundi siku hiyohiyo, kwa sababu kulika kwa shaba huanza ndani ya saa chache. Kama ni maji ya bahari, usingoje hata saa moja.

Kwa fundi yeyote, uliza mambo manne kabla ya kumwachia: atasafisha bodi kwa spiriti gani (ya isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, ndiyo inayofaa), atakurudishia kipande kibovu alichotoa, anatoa dhamana ya muda gani, na kama anahitaji nenosiri lako. Kazi nyingi za kusafisha hazilihitaji. Ukiwa unahifadhi majina na habari za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde, na wajibu huo hauishi mashine inapokuwa mezani kwa mtu mwingine.

Huduma yote iliyoelezwa hapa haizidi nusu saa kwa wiki na safari moja ya fundi kwa mwaka. Kama leo una hiyo nusu saa tu, usianze na brashi wala betri. Anza na nakala ya akiba, kwa maana ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna fundi, Kilifi wala Nairobi, anayeweza kukutengenezea baada ya kuchelewa. Kesho funga dirisha la baharini, na mwezi ujao shika brashi.